CCM ilizaliwa lini hasa, na kwa nini mambo yake makubwa yanaishia Dodoma

Mpwa wangu yuko kidato cha pili pale Dodoma mjini, wiki iliyopita kaja na swali la uraia, CCM ilianzishwa lini, na yeye kaandika 5 Februari 1977 kama kitabu kinavyosema. Babu yake akamkatalia. Mzee kasema yeye yuko kwenye chama tangu 1958 na ushahidi anao, akaenda chumbani akarudi na kile kikopo cha bati cha biskuti ambacho kila mtu kwenye ukoo wetu anakijua, ndani kuna stakabadhi ya kodi ya kichwa, picha mbili zimeshikana na kadi mbili. Moja ya TANU, ukurasa wa ndani umejaa stempu za ada zilizobanduka nusu na ukiishika inakuachia vumbi la njano vidoleni, nyingine ya CCM. Mtoto akabaki ananiangalia mimi, "mjomba, sasa nani yuko sahihi?"

Nikaona hii kitu inawachanganya wengi, sio mtoto peke yake. Watu wazima kabisa wanakwambia CCM ndo ilileta uhuru, wengine wanakwambia CCM ni chama cha Nyerere, wengine hawajui kabisa kwamba upande wa Zanzibar kulikuwa na chama kingine chenye historia yake tofauti kabisa. Na sisi tunaoishi huku Dodoma ndo tunaona vikao vinakuja vinaondoka, gesti zinajaa, afu tunasikia kwenye redio kwamba fulani kakatwa, ila ukimuuliza mtu kakatwa na kikao gani na kwa utaratibu upi, hakuna jibu. Kwa hiyo naomba niipange taratibu, na naanza mbali kidogo.

Mwanzoni kulikuwa na TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichoanza 1929, zaidi kilikuwa cha kusaidiana na kukutana, makarani, walimu, watu wa mjini. Nyerere akachaguliwa rais wake 1953, na mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, pale Dar kwenye mtaa ambao leo ni Lumumba, kikageuzwa kuwa TANU, chama cha siasa kamili kinachodai uhuru. Ndo Saba Saba yenyewe hiyo, kabla haijawa maonyesho ya biashara. Kilichoifanya TANU iote haraka hivi ni kwamba ilikuwa inatumia Kiswahili kila mahali, na ilikuwa na akina mama, Bibi Titi Mohamed na wenzake wa Dar walizunguka kuandikisha wanachama wengi kwa muda mfupi sana, na mimi nasema wazi kwamba mchango wao hausemwi inavyostahili.

Kipimo cha kwanza kikubwa kilikuwa Tabora, Januari 1958. Mkoloni alikuja na uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yako haihesabiki. Wanachama wengi walitaka kususa na hasira zilikuwa juu kwelikweli. Nyerere akawashawishi waingie hivyo hivyo, na Zuberi Mtemvu akakasirika akatoka akaanzisha chama chake cha ANC. Naomba mkae na hili tukio kichwani maana litajirudia mara nyingi sana kwenye hii stori: mvutano mkali ndani ya ukumbi, kikao kinaamua, anayeshindwa ama anameza ama anatoka, na anayetoka hafiki mbali. TANU ikaingia kwenye ile kura tatu ikashinda, na 1960 ikachukua viti 70 kati ya 71, na 9 Desemba 1961 bendera ikapanda. Babu anasema alijiunga mwaka huo huo wa mkutano wa Tabora, alikuwa kijana anafanya kibarua cha reli, na mtu aliyemwandikisha alikuwa fundi cherehani, kadi zake anazificha chini ya vitambaa.

Sasa vuka maji.

Zanzibar mambo yalikuwa mengine kabisa. ASP, yaani Afro-Shirazi Party, ilizaliwa 5 Februari 1957 kwa kuunganisha jumuiya ya Waafrika na jumuiya ya Washirazi, kiongozi Sheikh Abeid Karume. Kule ushindani ulikuwa wa kweli, kulikuwa na chama pinzani cha ZNP, baadae kikaja kingine, ZPPP, chenye nguvu Pemba, na chaguzi zilikuwa zinabanana mpaka 1961 wakapiga mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Januari na Juni. Kubwa kuliko zote ni uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54, lakini viti ikapata 13 tu kati ya 31 kwa sababu ya majimbo yalivyokatwa. Muungano wa ZNP na ZPPP ukaunda serikali, uhuru ukaja 10 Desemba 1963, na baada ya mwezi mmoja na siku mbili tu, 12 Januari 1964, Mapinduzi. Ukiona mpaka leo Zanzibar uchaguzi una uchungu ambao sisi wa bara hatuuelewi vizuri, mizizi yake iko hapo. Mtu anayejua kwamba alipata kura nyingi na akakosa serikali hasahau, na aliyepinduliwa naye hasahau, na wote wawili wana wajukuu.

Tarehe 26 Aprili 1964 nchi mbili zikaungana. Lakini hapa ndo wengi wanapotelea: nchi ziliungana, vyama havikuungana. Kwa miaka 13 Tanzania ilikuwa nchi moja yenye vyama viwili, na kila kimoja ni chama pekee kwenye eneo lake, TANU bara, ASP visiwani. Katiba ya muda ya 1965 ikaliandika hilo kabisa. Bara kulikuwa na uchaguzi wa aina yake, wagombea wawili wa TANU kila jimbo, mmoja anapewa alama ya jembe mwingine nyumba ili hata asiyejua kusoma apige kura, na haukuwa wa maonyesho, 1965 mawaziri kadhaa waliangushwa na wananchi wao, Paul Bomani mmojawapo. Zanzibar kuanzia Mapinduzi mpaka 1980 hawakupiga kura ya kuchagua wawakilishi wao wenyewe hata mara moja.

Kwa huku bara, wakati huo chama kilikuwa kinashuka mpaka mlangoni kwako. Nyumba kumi zina mjumbe wao, balozi, na ukitaka kusafiri, kuozesha, kupokea mgeni, kupata barua ya kwenda ofisi yoyote, unaanzia kwa balozi. Mama anakumbuka akiwa mtoto maeneo ya Chang'ombe, ukiumwa usiku watu hawakimbilii polisi wala ofisi, wanamgongea balozi. Mkuu wa mkoa kwa miaka mingi ndiye huyo huyo alikuwa katibu wa chama wa mkoa. Wanajeshi walikuwa wanachama na chama kilikuwa na matawi kambini. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, ujamaa na kujitegemea, na masharti ya uongozi, kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa kwenye kampuni. Na 1975 katiba ikabadilishwa ikasema waziwazi kwamba shughuli zote za siasa nchini zitaendeshwa na chama au chini ya uangalizi wake. Hiyo ndo "chama kushika hatamu" ambayo wazee wanaitaja. Hatamu ni ile kamba ya kumwongozea farasi, na serikali ndo ilikuwa farasi.

Mimi naamini huwezi kuelewa CCM ya leo kama hujaelewa hii miaka kumi. Vyama vingine vyote nchini vilizaliwa vikiwa vyama, vinatafuta wanachama, vinatafuta pesa, vinatafuta ofisi. Hiki kilikuwa dola kwanza, afu baadae ndo kikaambiwa sasa geuka uwe chama cha kushindana na wenzako.

Tuje 1977. Kwa nini kuungana wakati ule? Karume alipokuwa hai hakutaka kusikia habari ya kuunganisha vyama, ASP ilikuwa ndo nguvu ya Zanzibar na ndiyo iliyokuwa serikali yenyewe kule. Akauawa 7 Aprili 1972, akaingia Aboud Jumbe ambaye alikuwa karibu zaidi na Nyerere. Septemba 1975 Nyerere akalitoa wazo kwenye mkutano wa TANU, 1976 wanachama matawini wakaulizwa, ikaundwa tume ya watu 20, kumi TANU kumi ASP, mwenyekiti Sheikh Thabit Kombo na katibu Pius Msekwa, ikaandika katiba ya chama kipya. Tarehe 21 Januari 1977 mkutano wa pamoja Dar ukapitisha, na 5 Februari 1977, uwanja wa Amaan Zanzibar, TANU na ASP vikafa saa moja na CCM ikazaliwa. Tarehe hiyo haikuokotwa. Ilikuwa ASP inatimiza miaka 20 na Azimio la Arusha linatimiza miaka 10, kwa hiyo kila upande uliona chake pale. Mwenyekiti Nyerere, makamu Jumbe, katibu mkuu Msekwa.

Na sasa kuna kitu ambacho nilikisoma zaidi ya mara tatu kuhakikisha nimeelewa, ile ile tume ya watu 20 iliyoandika katiba ya chama, ndiyo hiyo hiyo ikapewa kazi ya kuandaa katiba ya nchi. Aprili mwaka huo huo, tarehe 25, ikapitishwa. Katiba hiyo ndo tunayo mpaka leo, imewekewa viraka vingi lakini ndo yenyewe ya 1977. Watu wakidai katiba mpya wengine wanashangaa kwa nini ni jambo zito namna hii, jamani, katiba ya nchi na katiba ya chama ni mapacha, zilitoka kwenye mikono ile ile ndani ya miezi michache.

Dodoma inaingiaje? Mwaka 1973, TANU ikiwa bado hai, chama ndo kiliamua makao makuu ya nchi yahamie huku katikati, matawi yakaulizwa, halmashauri kuu ikapitisha mwezi Oktoba, ikaundwa pia CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ya kupima viwanja. Serikali ikasuasua miaka zaidi ya arobaini, chama chenyewe kikaja. Jengo la makao makuu ya chama hapa mjini tunaliita White House, Dar walibaki na ofisi ndogo Lumumba na Zanzibar ni Kisiwandui. Kwa hiyo kwa muda mrefu sana Dodoma ilikuwa makao makuu ya chama kweli, ya nchi kwa maneno tu.

Na vikao vyenyewe, kwa anayechanganya, viko vitatu vya kuangalia. Kamati Kuu ni kikundi kidogo, ndo kinachuja na kukata majina. Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo watu wanaiita NEC na wengine wanaichanganya na tume ya uchaguzi, ni kubwa zaidi, mamia ya watu, inapokea kutoka Kamati Kuu. Mkutano Mkuu ndo wa mwisho, maelfu wanakuja kutoka kila wilaya, na hao ndo mnaowaona na magari ya kijani na njano, kinamama wa UWT na khanga zao wanaimba kuanzia stendi. Lakini ukifuatilia vizuri utaona uzito uko kinyume na ukubwa. Mkutano Mkuu unapiga kura kwa majina yaliyobaki. Yaliyokatwa yamekatwa juu kule, usiku, kwenye chumba kidogo.

Kikao ambacho wazee wa hapa wanakitaja kwa sauti ya chini ni cha Januari 1984. Wakati huo Zanzibar kulikuwa na malalamiko kwamba muungano unaimeza, na Jumbe, rais wa Zanzibar, makamu wa rais wa muungano, makamu mwenyekiti wa chama, yaani mtu wa pili nchini, alikuwa anaandaa hoja ya kisheria kutaka mahakama maalum ya katiba itafsiri muungano, akisaidiwa na mwanasheria mkuu wake Bashir Swanzy, raia wa Ghana. Mwelekeo ni serikali tatu. Ile nyaraka kabla haijatumwa ikapotea mezani kwake na ikafika kwa Nyerere. Halmashauri Kuu ikakutana hapa Dodoma, Jumbe akawekwa katikati siku kadhaa, na wengi waliomgeuka walikuwa Wazanzibari wenzake. Alikuja na vyeo vyake vitatu, akaondoka hana hata kimoja, vyote kajiuzulu. Redio ikasema hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar imechafuka. Akaishi Mji Mwema, Kigamboni, kimya kimya, mpaka alipofariki 2016. Nikifikiria hiki kisa huwa naumia, maana swali aliloliuliza halikuwa la uhaini, lilikuwa la kisheria, na lingejibiwa mahakamani kwa hoja.

Na halikufa. Limerudi 1993, wabunge 55 wa CCM hao hao, wanaitwa G55, wakapeleka hoja bungeni kutaka serikali ya Tanganyika na ikapita, Nyerere ambaye alikuwa amestaafu akaja juu mpaka ikazimwa mwaka uliofuata, na waziri mkuu wa wakati ule John Malecela, mtu wa hapa hapa Dodoma, akalaumiwa kwamba hakuizuia. Likarudi tena 2014, Jaji Warioba, waziri mkuu wa zamani na kada wa chama, tume yake ikasikiliza wananchi nchi nzima ikaleta rasimu ya serikali tatu, Bunge Maalum likakaa hapa Dodoma, wajumbe wengi wa CCM wakashikilia mbili, wapinzani wakiwa kwenye UKAWA wakatoka ukumbini mwezi Aprili, katiba pendekezwa ikapitishwa bila wao na kura ya maoni ikaahirishwa mpaka leo.

Turudi nyuma kidogo. 1985 Nyerere akaachia urais, akaja Ali Hassan Mwinyi, ila uenyekiti Mwalimu akabaki nao mpaka 1990. Miaka mitano nchi ilikuwa na rais mmoja na mwenyekiti mwingine, na chama ndo kimeshika hatamu! Mwinyi anasaini na IMF 1986, anafungua biashara mpaka akaitwa Mzee Ruksa, na chama kule juu kinahubiri ujamaa. Ndo maana toka hapo wamehakikisha kofia zote mbili zinakaa kichwa kimoja, na kila rais mpya akiingia, haupiti muda mrefu anakabidhiwa uenyekiti. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ilikaa Zanzibar ikalegeza yale masharti ya Arusha, kiongozi ruksa kuwa na hisa na kupangisha nyumba, na waliolipenda Azimio hawajalisamehe hilo.

Mwaka huo huo Mwinyi akaunda tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza watu, chama kimoja au vingi? Majibu mnayasikia yakitajwa hovyo, asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee na kama 21 ndo walitaka vingi. Lakini tume ikapendekeza vingi, kwa sababu hata wengi wa wale waliosema kimoja walikuwa wanataka kibadilike, na moja ya tano ya nchi sio watu wa kupuuzwa. Nyerere mwenyewe ndo alianza kusema 1990 kwamba kujadili vyama vingi sio dhambi. 1992 chama kikakubali na sheria ikabadilishwa. Wengi wanakisifu chama kwa kuachia mwenyewe bila mapigano na mimi nasema wanastahili hiyo sifa, nchi nyingi jirani zilimwaga damu kwa jambo lile lile.

Ila angalieni kilichobaki mkononi. Tume hiyo hiyo ya Nyalali ilitaja sheria 40 kandamizi zifutwe au zirekebishwe na nyingi zikabaki, na ilitaka katiba mpya, haikuandikwa. Mali zilizojengwa na watu wote wakati wa chama kimoja, wengi kwa michango ya lazima, zikabaki za CCM. Viwanja vya mpira, Kirumba kule Mwanza, Sokoine Mbeya, Sheikh Amri Abeid Arusha, ukiingia leo kuangalia ligi kuu umekaa kwenye mali ya chama. Mabalozi wa nyumba kumi kisheria sio serikali tena toka 1992, sasa kuna mwenyekiti wa mtaa, lakini mabalozi wapo kama viongozi wa mashina ya chama, na mtaani kwetu bibi mmoja balozi ndo anajua nani kahamia, nani kafiwa, nani hana chakula. Chama cha upinzani kikija na gari la matangazo siku tano kabla ya kura, kinashindana na huyo bibi ambaye amekuja kwenye msiba wako.

Sasa habari ya kukata majina. 1995 ndo mara ya kwanza toka vyama vingi virudi, ukumbi wa Chimwaga, ule ambao sa hivi uko ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Malecela, kijana wa nyumbani, watu wa huku walikuwa wanamsubiri, jina halikurudi, lile la G55 lilimfuata. Wakabaki watatu, Kikwete, Mkapa na Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza bila kufikisha nusu, ya pili Mkapa akampita. Kikwete akakubali pale pale, akasubiri miaka kumi, 2005 Chimwaga hiyo hiyo akapita na uchaguzi akapata asilimia 80. Malecela, Tingatinga, alijaribu tena 2005, jina likakatwa tena, na akabaki kwenye chama. Mrema yeye hakusubiri, alitoka mapema 1995 akaenda chama cha upinzani cha NCCR akapata kama asilimia 28, akazunguka vyama, akapungua.

Halafu Julai 2015. Hii niliiona kwa macho. Ilikuwa baridi ile ya Dodoma ya mwezi wa saba, upepo na vumbi, watu zaidi ya 40 wamechukua fomu za kugombea urais, mji umejaa mpaka watu wanalala kwenye magari, mama alikuwa anauza chai na vitumbua barabarani sio mbali na White House na siku hizo tatu alikuwa anakaanga mpaka usiku wa manane kwa sababu madereva na wapambe hawalali, wanasubiri jina. Usiku wa tarehe 10 Kamati Kuu ikabakisha watano na Edward Lowassa hakuwemo. Nakumbuka ilivyokuwa, watu wana simu sikioni, ghafla kimya, chai inapoa mikononi. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa ambaye alikuwa mwenyekiti wa mkoa wetu, wakatoka nje usiku ule wakawaambia waandishi kwamba hawakubaliani na uamuzi, kitu ambacho hakijazoeleka kabisa. Kesho yake ndani ya Halmashauri Kuu wajumbe wakaimba kwamba wana imani na Lowassa, mwenyekiti wao Kikwete amekaa mbele anawaangalia. Na bado majina yakabaki yale yale. Tarehe 12 Magufuli akapitishwa na Mkutano Mkuu kwa asilimia 87.

Lowassa akaenda CHADEMA mwisho wa mwezi, akapata karibu asilimia 40, kura nyingi kuliko mpinzani yeyote kabla yake, na Machi 2019 akarudi CCM. Nchimbi aliyelalamika usiku ule akapelekwa ubalozi, akapewa na onyo, Januari 2024 akawa katibu mkuu, leo ni makamu wa rais. Msome hapo mwenendo wa chama hiki, anayelalamika akabaki ana kesho.

Na kubaki sio mapenzi tu, sheria inakubana. Tanzania hakuna mgombea binafsi, Mchungaji Mtikila alipigania hili mahakamani toka miaka ya 90 mpaka Mahakama ya Afrika ikampa haki 2013, na bado halijatekelezwa. Na mbunge akifukuzwa uanachama, kwa katiba anapoteza na ubunge. Kwa hiyo kadi ni kazi yako. Januari 2022 spika Job Ndugai wa Kongwa hapa jirani, baada ya maneno yake kuhusu mkopo wa serikali kumgeuka, alijiuzulu uspika, na barua akasema kaipeleka kwa Katibu Mkuu wa CCM. Kiongozi wa mhimili mzima wa dola! Wanasheria wakaanza kubishana anwani sahihi ni ipi, lakini mimi niliona yeye alijua vizuri kiti alikipata wapi.

2025 sitaipita kimya kwa sababu iko karibu na bado inauma. Mkutano Mkuu maalum wa Januari hapa Dodoma ukampitisha Rais Samia moja kwa moja kuwa mgombea, bila ile ya kuchukua fomu na kuchujana, na wapo waliohoji ndani ya chama. CHADEMA hawakuwemo kwenye karatasi, Tundu Lissu alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini. Tarehe 29 Oktoba vijana wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, watu wakafa. Tume ikatangaza karibu asilimia 98. Kuapishwa kulikuwa hapa hapa Dodoma, wananchi hawakuwepo. Novemba 14 akifungua Bunge Rais mwenyewe alitoa pole kwa waliopoteza ndugu na akatangaza tume ya uchunguzi. Chama ambacho 1965, kikiitwa bado TANU, kiliruhusu wananchi kumwangusha waziri kwa alama ya jembe na nyumba, ndicho kilichofika hapa, na mtu anayekipenda anatakiwa ndo awe wa kwanza kuumia.

Mpwa wangu nilimwambia aandike 1977, babu yake nikamwambia na yeye hakosei, maana kadi yake ya pili alipewa baada ya kuambiwa alete ya kwanza ibadilishwe, akaificha. Mtoto akazigeuzageuza zote mbili mezani, afu akauliza ya ASP ilikuwaje. Mzee akafikiria muda mrefu kidogo. Akasema hajawahi kuiona, na Zanzibar hajawahi kufika.